Jinsi ya kutumia neno la Kiingereza "important" sawasawa

Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, hukutana na neno "important" wiki ya kwanza tu. Liko kwenye historia, liko kwenye baiolojia, liko kwenye maswali ya mtihani. Halimwachi tena: atalikuta kwenye barua ya kuomba kazi, kwenye ripoti ya kikao, kwenye hotuba ya mahafali. Shida ni kwamba tulifundishwa kuwa "important" ni muhimu, basi, na hapo maelezo yakaishia. Tangu siku hiyo kila penye muhimu tunaandika "important".

Lakini muhimu ya Kiswahili ina eneo pana. Tunaitumia kwa kitu kisichoweza kukosekana, kwa jambo la haraka, kwa jambo la lazima, kwa mtu mwenye cheo. Kiingereza kimeyagawa hayo kwa maneno mbalimbali, na "important" limebaki na sehemu yake tu. Mwongozo huu unafuata hatua ninazowapitisha wanafunzi wangu wa Kiingereza, pamoja na waandishi wa habari na makarani wanaoniletea kazi niwapitie kabla haijatoka. Chukua kalamu, maana hatua nyingine zinataka uandike.

Hatua ya 1: Litamke vizuri

Neno lina silabi tatu, na mkazo uko kwenye silabi ya katikati: im-POR-tant. Kwetu sisi hii ni rahisi, maana Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunaharibu tunapoongeza irabu mwishoni, tukasema "impotanti". Hapo mkazo unahamia kwenye "ta" na msikilizaji wa Kiingereza anababaika. Ifunge "t" ya mwisho, usiiongezee kitu. Waingereza wengi hawaitamki "r" iliyo katikati, huivuta tu ile "o" ikawa ndefu. Wamarekani huitamka. Fuata upande wowote, mradi silabi ya katikati iwe nzito na ndefu.

Nasisitiza hili kwa sababu kuna neno jirani, "impotent", lenye maana ya mwanamume asiye na nguvu za kiume, au mtu asiye na uwezo wowote. Mkazo wake uko mwanzoni: IM-po-tent. Ukifupisha katikati na kukazia mwanzo, utasimama mbele ya wageni umtambulishe diwani wako kwa sifa asiyoistahili. Sema mara kadhaa kwa sauti kabla ya kupanda jukwaani.

Hatua ya 2: Tenganisha "important" na "importance"

"Important" ni kivumishi, kama muhimu. "Importance" ni nomino, kama umuhimu. Wengi huziandika moja badala ya nyingine kwa kuwa masikioni miisho yake inakaribiana, ndiyo maana daftari zimejaa "the important of education". Njia ya kujikagua ni ya Kiswahili kabisa: rudisha sentensi nyumbani. Kama unasema "umuhimu wa elimu", andika "the importance of education". Kama unasema "elimu ni muhimu", andika "education is important". Ukiona "of" imefuata moja kwa moja baada ya "important", karibu kila mara umekosea.

Sasa tufike kwenye kosa ambalo nadhani ndilo lililoenea kuliko yote katika madarasa ya Afrika Mashariki: "importances". Swali la mtihani linasema "Explain the importance of..." na mwanafunzi anaanza jibu lake hivi: "The following are the importances of trade." Hata baadhi ya vitini vya mtaani vimechapwa hivyo, na watoto wanavikariri.

"Importance" haina wingi. Haihesabiki, kama umuhimu usivyohesabika. Hakuna anayesema "umuhimu sita". Tunachohesabu kwa Kiswahili ni faida, sababu, manufaa. Basi fanya hivyohivyo kwa Kiingereza. Swali likikutaka utoe hoja sita, anza na mojawapo ya hizi:

"Trade is important for the following reasons."

"Trade benefits a country in six ways."

"There are six main reasons why trade matters."

Ukishaandika moja kati ya hizo, hoja zako zinafuata bila matata. Angalia pia kwamba hoja yenyewe inatakiwa iwe sentensi kamili. "Source of income" peke yake ni kichwa cha habari. "It gives people an income" ndiyo hoja.

Kwenye hatua hii hii, kagua "a" na "an". Kwa kuwa neno linaanza na irabu, ni "an important", kamwe si "a important". Na kwa kuwa Kiswahili hakina vineno hivyo, mara nyingi tunavisahau kabisa: "It is important thing to boil water." Hapo chagua moja kati ya mbili. Ama useme "It is an important thing", ama ulitoe "thing" ubaki na "It is important to boil water". Mimi hupendelea hii ya pili. "Thing" haiongezi chochote.

Hatua ya 3: Jiulize ni muhimu kwa nani, au kwa ajili ya nini

Kwa Kiswahili "kwa" inatosha kote kuwili: maji ni muhimu kwa mahindi, mama yangu ni muhimu kwangu. Kiingereza kinatenganisha.

"Important to" inaonyesha moyo au mtazamo wa mtu. "My mother is important to me": mimi ndiye ninayemthamini. "Important for" inaonyesha faida au lengo. "Water is important for maize": mahindi hayana hisia na maji, yanayahitaji tu ili yastawi.

Tofauti inaonekana wazi zaidi jina la mtu likiingia. "It is important to Asha that her son studies" maana yake Asha analijali sana jambo hilo, liko moyoni mwake. "It is important for Asha to take her tablets" maana yake afya ya Asha inadai ameze dawa, hata kama yeye mwenyewe hajali. Muuguzi akiandika "to Asha" badala ya "for Asha", msomaji atadhani mgonjwa ndiye aliyesema anazipenda dawa zake.

Sentensi moja inaweza kuvibeba vyote viwili: "Land is important to the villagers because it is important for grazing." Andika mbili zako za namna hiyo kabla hujaendelea, moja kuhusu familia yako na nyingine kuhusu kazi yako.

Hatua ya 4: Jenga sentensi ya "ni muhimu ufike"

Kiswahili kinasema "ni muhimu ufike mapema", na mtu anayetafsiri neno kwa neno huishia kwenye "You are important to come early". Msomaji anaelewa kwamba wewe ni mtu mkubwa, kisha anapotelea hapo. Kiingereza hakimfanyi mtu kuwa kiima cha "important" pale unapomaanisha anatakiwa kufanya jambo. Kinaanza na "it", kisha unachagua njia:

"It is important to come early." Hii ni kwa watu wote, hakuna aliyetajwa.

"It is important for you to come early." Hapa mhusika ametajwa.

"It is important that you come early." Maana ni ileile, ila ina urasmi kidogo.

Njia hii ya tatu ina jambo linalowasumbua hata waliobobea, na sisi tunaozungumza Kiswahili tunalo jibu lake tayari mdomoni. Linganisha:

"It is important that he come every day."

"It is important that he comes every day."

Wengi hudhani ya kwanza imekosewa kwa kukosa "s". Haijakosewa. Ya kwanza ni "ni muhimu aje kila siku": bado ni takwa, hajaja. Ya pili, kwa maandishi ya uangalifu, ni "ni muhimu kwamba anakuja kila siku": tayari anakuja, na tunalitilia uzito jambo hilo. Ile "-e" ya mwisho katika "aje, afike, asome" ndiyo kazi inayofanywa na kitenzi cha Kiingereza kilichovuliwa "s". Kwa sababu hiyohiyo inakuwa "It is important that she be present", si "is". Wamarekani hulishika sana umbo hili. Waingereza mara nyingi huweka "should": "that he should come". Ukiwa na mashaka mbele ya mtihani, tumia "for him to come". Hakuna atakayekukata maksi.

Hatua ya 5: Kabla hujaandika "important", tafuta ni muhimu gani

Hii ndiyo hatua yenye kazi kubwa, na ndiyo inayotofautisha mfasiri na mtu anayebadilisha maneno tu.

Tuanze na mabango tuliyoyazoea. Ukitembea mtaa wowote Tanzania utakuta bango limeandikwa Duka la Dawa Muhimu. Mpango wa maduka hayo ulianzia mkoani Ruvuma mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili watu wa vijijini na pembezoni wapate dawa za uhakika kwa muuzaji aliyefunzwa na kusajiliwa. Je, "dawa muhimu" ni "important medicines"? Hapana. Ni "essential medicines". Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa za namna hiyo mwaka 1977, na nchi nyingi zimetengeneza za kwao. Ni dawa ambazo mfumo wa afya haupaswi kuzikosa. "Essential" linasema: bila hiki mambo hayaendi.

Wataalamu wa lishe wanatupa mfano mzuri zaidi. Mwili wa mtu mzima unahitaji amino asidi nyingi ili ujenge protini, na 9 kati ya hizo huitwa "essential". Haina maana kwamba nyingine hazina umuhimu. Zote zinatumika, ila hizo 9 mwili hauwezi kujitengenezea, lazima zitoke kwenye chakula. Ukiandika "important amino acids" umeifuta maana yenyewe.

Sheria nayo iko hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inataja huduma muhimu kama maji na usafi wa mazingira, umeme, afya, zimamoto na uongozaji wa ndege, na kuwawekea wafanyakazi wake mipaka ya kugoma. Kwa Kiingereza hizo ni "essential services". Mwalimu anafanya kazi "important", hilo halina ubishi, lakini katika orodha hiyo hayumo. Mwandishi wa habari akiandika "important services" kwenye habari ya mgomo, ameshawachanganya wasomaji kuhusu nani anaruhusiwa kugoma na nani haruhusiwi.

Neno la pili ni "urgent". Ukipokea ujumbe "Nipigie, kuna jambo muhimu", unajua mwenzio anataka umpigie sasa hivi. Muhimu hapo ni haraka. Ukimwandikia bosi wa kigeni "Please call me, it is important", anaweza kukupigia kesho asubuhi bila kuona amefanya kosa. Ulitakiwa uandike "It is urgent". Rais Dwight Eisenhower wa Marekani aliyatenganisha maneno haya mawili katika hotuba yake ya mwaka 1954, akinukuu mkuu mmoja wa chuo aliyesema ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu: ya haraka si muhimu, na ya muhimu kamwe si ya haraka. Si lazima ukubaliane naye. Ila huwezi kuielewa kauli hiyo kama akilini mwako maneno hayo ni kitu kimoja.

"Vital" limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya uhai. Neno hilo la Kilatini ni "vita", na halihusiani hata kidogo na vita yetu ya risasi. Ndiyo sababu "vital signs" ni vile vipimo vya uhai ambavyo muuguzi huchukua mapokezi: mapigo ya moyo, upumuaji, joto, shinikizo la damu. Na "vital records" ni kumbukumbu za vizazi, vifo, ndoa na talaka, kazi ambayo kwetu Tanzania hufanywa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Nje ya hapo, "vital" hutumika kwa jambo ambalo likikosekana kitu kinakufa au kinaporomoka. Litumie kwa uchache.

"Crucial" ni la njia panda. Asili yake ni neno la Kilatini la msalaba, na mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon, katika maandishi yake ya mwaka 1620, alitumia picha ya kibao kinachosimama penye njia panda kumwelekeza msafiri. Kwa hiyo jambo "crucial" ni lile linaloamua mwelekeo: mechi ya mwisho ya kundi, kura ya mwisho, ushahidi unaogeuza kesi. Kula mboga ni "important". Si "crucial", isipokuwa uamuzi fulani unaning'inia hapo.

"Necessary" ni lazima au inahitajika. Cheti cha kuzaliwa unapoomba pasipoti ni "necessary", maana bila hicho fomu yako hairuki dirishani. Baba yako anaweza kuwa na barua za zamani alizoandikiwa na babu, hizo ni "important" kwake, lakini ofisi ya uhamiaji haizitaki.

Waandishi wa habari za afya nawaomba watulie kwenye neno "significant". Katika mazungumzo ya kawaida ni kubwa kiasi cha kuonekana, au yenye maana fulani nyuma yake. Katika utafiti lina maana yake maalumu. Mwanatakwimu Ronald Fisher wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1925, alikieneza kipimo cha 0.05. Kwa maneno rahisi, matokeo huitwa "statistically significant" iwapo, kama dawa isingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kama hiyo au zaidi ingetokea kwa bahati chini ya mara 5 katika 100. Hakuna hapo lolote kuhusu ukubwa wa faida. Ukipima watu wengi mno, dawa inayoshusha shinikizo la damu kwa nukta chache sana inaweza kuwa "significant", na daktari akaona haimsaidii mgonjwa wake. Ukitafsiri "Utafiti waonyesha faida muhimu ya dawa", umewaahidi wagonjwa kitu ambacho watafiti hawakukisema. Andika "tofauti ambayo si rahisi kuielezea kwa bahati tu", kisha taja ukubwa wa tofauti yenyewe kwa tarakimu.

Watu wenye vyeo nitawapitia upesi. "An important man" ni mtu mkubwa, lakini kwenye kadi na hotuba hatuandiki hivyo. Mgeni rasmi ni "guest of honour". Wageni waheshimiwa ni "distinguished guests". "Self-important" ni tusi: mtu anayejiona. Na kwenye barua ya kuomba kazi usiandike "I will be important to your company". Eleza kazi utakayoifanya, wao wenyewe watapima.

Hatua ya 6: Pima uzito

Sisi huzidisha kwa kurudia: muhimu sana, tena sana. Kwa Kiingereza cha maandishi "very important" inatosha, na "very very important" iache kwenye mazungumzo ya simu. Kuna "particularly important" ukitaka kusema hasa, na "equally important" kwa jambo lenye uzito sawa na lililotangulia. Kulinganisha ni "more important than" na "the most important". Neno ni refu, halipokei "-er" wala "-est".

"Very essential" na "very crucial" utazisikia kila ofisi hapa kwetu. Wahariri wengi huzikata, nami huzikata, kwa sababu kitu kisichoweza kukosekana hakina daraja. Ama kinakosekana ama hakikosekani. Ukitaka mkazo, "absolutely essential" ndiyo iliyozoeleka.

Kukanusha kuna njia mbili. "This is not important" ni ya kawaida. "Unimportant" ni kali zaidi, inalidharau jambo, na kwa mtu ni dharau kamili. Hakuna "inimportant" wala "disimportant".

Halafu kuna kirai kinachojaza ripoti bila kazi: "It is important to note that..." Kifute, anza na hoja yenyewe. Sentensi itasimama. Kwa Kiswahili tumeshaambukizwa pia, tunaandika "ni muhimu kufahamu kwamba" mistari mitatu mfululizo.

Hatua ya 7: Unaporudi kwenye Kiswahili, usikimbilie muhimu

Vitabu vya historia vya Kiingereza husema Kilwa ilikuwa "an important trading town". Tafsiri ya haraka ni "mji muhimu wa biashara". Haina kosa, lakini haina ladha. Kilwa ilishika biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari iliyoko Msumbiji ya leo, na msafiri wa Morocco Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu uzuri wake. Huo ni mji mkubwa wa biashara, mji wenye jina. Vivyo hivyo Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara ya pembe kutoka Tabora na Ujiji, na makao makuu ya Wajerumani hadi 1891: bandari kuu, au bandari yenye hadhi, itamfikia msomaji vizuri zaidi.

"An important difference" ni tofauti kubwa. "An important question" mara nyingi ni swali la msingi. "An important matter" wazee watakuambia ni jambo zito, na hawajakosea. "Important days" ni siku za kukumbukwa. Muhimu iwe chaguo lako la mwisho, baada ya kujaribu kubwa, kuu, zito, la msingi, la maana.

Kuna pia kitenzi "matter", ambacho mara nyingi ndicho kinachofaa pale tunapolazimisha "important". "It doesn't matter" ni haidhuru, si kitu, haina neno. Usiseme "It is not important" mtu akikukanyaga kwenye daladala na kukuomba radhi. Kaulimbiu ya Black Lives Matter, iliyoanza Marekani mwaka 2013, ikiandikwa "maisha ya watu weusi ni muhimu" inasikika kama mada ya semina. "Yana thamani" inagusa kinacholiliwa: kwamba mtu asiuawe kana kwamba hana wa kumuulizia.

Hatua ya 8: Rekebisha barua hii

Ifuatayo ni barua niliyoitunga kwa kukusanya makosa ninayoyaona mara nyingi. Shule inawaita wazazi kuhusu chakula cha mchana. Isome, ifunike, irekebishe mwenyewe, ndipo uendelee.

"Dear Parent, I want to inform you important issue. You are important to attend the meeting on Saturday because it is very very important. We will discuss the importances of lunch at school. Your contribution is very essential. Please reply, it is important."

Sentensi ya kwanza haina habari, tunaifuta. Ya pili tunaijenga kwa "it", na sababu yake haina haja ya kurudia neno lilelile. Ya tatu tunaondoa "importances" na kuweka "why lunch matters", tukitaja ni kwa ajili ya nini. Ya nne, mwalimu anamaanisha bila michango mpango utasimama, basi aseme hivyo. Ya mwisho anataka jibu mapema, kwa hiyo ataje siku.

"Dear Parent, It is important for every parent to attend the meeting on Saturday. We will discuss why lunch matters for our pupils' learning and how each family can contribute. Without parents' contributions, the programme cannot continue. Please reply by Thursday."

"Important" limebaki mara moja, mahali ambapo mzazi anaambiwa cha kufanya. Zingatia "for every parent" na si "to every parent": mwalimu hajui kama wazazi wote wanalijali jambo hili, anachojua ni kwamba wanahitajika. Na kama siku imesogea sana, aongeze "URGENT" juu ya bahasha, kwa herufi kubwa, barua yenyewe aiache ilivyo.